Niliacha Chuo kwa Sababu ya Ada, Si kwa Sababu ya Ndoto

Jumanne moja usiku, saa tano hivi, nilikuwa nakata sauti ya kipindi kipya ndani ya keja yangu hapa Roysambu, simu ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa kijana nisiyemjua. Maneno machache tu: "Bro, leo nimeacha chuo. Kipindi chako cha saba kilinipa nguvu. Asante sana."

Wasee, nilitoa vidude vya masikio nikaviweka kitandani. Nikasoma tena. Alikuwa ameweka na alama ya moto mwishoni, ile tunayowekeana mtu akifanya kitu kikali. Nikajiuliza, huyu anashukuru nini hasa?

Kipindi cha saba ndicho kile ambacho wengi wenu mlinijulia. Nilieleza jinsi nilivyotoka chuo mwaka wa pili, nikanunua maiki ndogo ya kubana kwenye shati, nikaanza podikasti. Nilikisimulia vizuri, sitajificha. Nilipunguza sauti mahali pa huzuni, nikanyamaza sekunde mbili kabla ya neno "nikaondoka". Watu walituma vilio na makofi. Sasa ngoja niseme jambo ambalo sikulisema siku hiyo.

Mimi sikuacha chuo. Nilikosa ada. Deni lilikuwa 43,000, mtihani unaanza Jumatatu, na kadi ya mtihani haitoki kama hujamaliza kulipa. Mwezi huohuo dadangu mdogo alikuwa anaingia sekondari. Mathe anauza viatu vya mitumba, na ukijua hesabu za mtu wa mitumba unajua Januari inavyokuwa. Alinipigia simu akaniambia, "Baba, nina pesa ya mtoto mmoja." Hakuniambia ni yupi. Aliniachia niseme mwenyewe, na nikasema. Wiki tatu nilizofuata nilikuwa nalala hadi saa sita mchana ili nisikutane na wenzangu wakitoka darasani. Podikasti ilikuja miezi miwili baadaye, kwa sababu nilikuwa na simu, nina muda mwingi, na nina aibu ambayo sikuwa na wa kumwambia.

Utaniuliza, kwani ulidanganya? Kila sentensi ya kipindi kile ilikuwa kweli. Nilitoka mwaka wa pili, kweli. Nilinunua maiki, kweli. Nilianza podikasti, kweli. Nilichofanya ni kupanga matukio upya, ndoto ikatangulia mbele na ada ikaachwa nje ya mlango. Na nilipanga hivyo kwa sababu nilijua hadithi ya kijana aliyefukuzwa na deni haina watazamaji, lakini hadithi ya kijana aliyeamka akaamua, hiyo watu wanaitumiana kwenye vikundi vya WhatsApp.

Tunapenda sana hadithi hiyo sisi. Kila wiki kuna mtu mtandaoni anakukumbusha kwamba Bill Gates aliacha Harvard na Mark Zuckerberg akaacha Harvard. Sawa, waliacha. Lakini hakuna anayekuambia kwamba baba yake Gates alikuwa wakili na wa Zuckerberg alikuwa daktari wa meno. Mambo yangewaharibikia, wangerudi nyumbani penye friji iliyojaa, na pengine darasani pia. Mimi ningerudi wapi? Na huyu kijana aliyeniandikia, je?

Najua mtakachosema, kwa sababu mimi mwenyewe nimekisema mara mia: shahada siku hizi ni karatasi, watu wamehitimu na bado wanazunguka mjini na bahasha ya kaki. Ni kweli. Nina binamu mwenye shahada ya uchumi anayeendesha boda, na anaendesha vizuri, anakula vizuri. Siwezi kukuambia chuo kitakupa kazi. Ninachokataa ni hii tabia yetu ya kuchukua mlango uliofungwa kwa nguvu na kuuita mlango tulioufunga wenyewe. Tukifanya hivyo tunamdanganya aliye ndani bado. Anadhani nje huku kuna kitu kinamngoja.

Nilimpigia palepale. Ana miaka 19, sauti nyembamba, alishtuka kwamba ni mimi kweli. Nilimuuliza ameacha vipi hasa. Akasema amehama hosteli, amemwambia rafiki yake, lakini hajaandika barua yoyote wala nyumbani hawajui. Nikamuuliza ana shida ya ada? Hapana, ada imelipwa. Tulizungumza dakika arobaini. Nilimweleza yote niliyoyaandika hapo juu, na akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani bundles zimeisha. Mwishowe akauliza, "Sasa mbona hukusema hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba kuna kitu kinaitwa kuahirisha masomo, unaandika barua, unapumzika mwaka mmoja, nafasi yako inabaki. Laiti mtu angeniambia mimi hivyo wakati ule.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mwanzo huo wa podikasti watu huniuliza sana na sijawahi kuueleza bila kuupaka rangi.

Kipindi cha kwanza kilisikilizwa na watu 11. Wanne kati yao nilikuwa mimi, kwa simu tofauti. Nilirekodi chini ya blanketi, maana bedsita yangu ina kuta tupu na sauti inagonga ukutani inarudi kama uko ndani ya mtungi. Blanketi lilisaidia. Kilichoshindikana ni kanisa la jirani, ambalo lina spika kubwa kuliko waumini wake, na boda zinazopandisha mlima kwa gia ya kwanza. Nikajifunza kurekodi kati ya saa tano usiku na saa saba. Hadi leo wageni wangu wanashangaa nikiwaambia waje usiku. Si mbwembwe, ni boda.

Kusafisha sauti nilijifunza kwa programu ya bure, Audacity, kwa kompyuta ya kuazima ambayo betri yake haikuwa inashika chaji, kwa hivyo stima ikipotea na kazi inapotea. Nilihariri kipindi cha tatu mara tatu. Sitakudanganya kwamba hicho kilinijenga kitabia. Kilinikera tu.

Kitu kilichonisaidia kweli ni ule mchoro ambao YouTube inakuonyesha, mstari unaoshuka kadiri watu wanavyokuacha. Nilipouangalia mara ya kwanza nilitaka kulia. Zaidi ya nusu walikuwa wanaondoka kabla ya dakika mbili kuisha. Nikasikiliza hizo dakika mbili. Nilikuwa nasalimia. Nasalimia walio Nairobi, walio Mombasa, walio ughaibuni, nashukuru, naomba wabonyeze kitufe, natambulisha mgeni kama MC wa harusi. Mtu amepanda matatu pale Githurai, ana safari ya dakika ishirini, mimi namsalimia! Nikakata yote. Siku hizi naanza na swali ambalo mgeni alilijibu kwa shida. Hilo peke yake liliwafanya watu wakae.

Kwa wale wa "bro, podikasti inalipa?": ili YouTube ikugawie pesa za matangazo kwa njia ya kawaida unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Piga hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtu mmoja anakaa na wewe dakika nane, unahitaji watu 30,000 wakufungulie. Na zile vidio fupifupi za wima hazihesabiki katika hizo saa. Ukishafika, jua pia Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwekea kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui. Mimi nimefika, na kwa mwezi mzuri inanilipia intaneti, stima na chapo madondo za kutosha. Kodi ya nyumba inatoka kwa harusi za watu. Nahariri vidio za harusi. Hilo pia sikuwa nalisema.

Sasa nije kwa jambo ambalo nilisita kuliandika.

Mwaka jana nilimrekodi mzee mmoja fundi wa viatu, ana kibanda kando ya barabara, mtu wa miaka sabini na kitu. Nilimpata kwa sababu alinishonea soli na akanisimulia habari za Nairobi ya zamani mpaka nikasahau nilikokuwa naenda. Alikuja keja saa tano usiku na koti lake la Jumapili. Tuliongea saa moja na nusu. Katikati, nilipomuuliza kuhusu ndoa, alisema hivi: "Mimi mke wangu sikuwahi kumpa hata shilingi mkononi. Yeye alilisha nyumba, mimi nilikunywa." Akanyamaza. Halafu akaendelea: "Nilikuja kuacha pombe yeye ameshazikwa. Mpaka leo nikipokea pesa ya kiatu, noti ya kwanza naitenga, halafu nakumbuka hakuna wa kumpa."

Nilikata klipu. Nikaishia kwenye neno "nilikunywa".

Nilijua ninachofanya. Msinisaidie kwa kusema nilikuwa mchanga. Wakati huo podikasti zilizokuwa zinapaa mtaani zilikuwa za kugombanisha wanaume na wanawake. Mnazijua: wavulana wanne kwenye kiti kirefu wanamuuliza msichana mmoja ana thamani gani, au kinyume chake. Nilitaka sehemu yangu ya hiyo keki. Klipu ikatazamwa mara laki sita na kitu ndani ya siku nne. Wanaume wengine walimshangilia mzee, wakamwita mfalme. Wanawake wakamlaani. Mtu akaandika kwamba wazee wa aina hiyo wafe haraka. Wafuasi wangu walitoka 2,300 wakafika karibu 9,000 na mimi niko hapa nakunywa soda, najiona nimeomoka.

Mzee hana simu ya intaneti. Alionyeshwa na mteja. Halafu binti yake, ambaye anafanya kazi Mombasa, aliiona pia, akampigia babake akilia, kwa sababu yeye ndiye mtoto aliyekuwa analala njaa kwenye hiyo hadithi, na hakujua kama babake amewahi kujuta. Sehemu ya kujuta nilikuwa nayo mimi, kwenye kompyuta.

Nilienda kibandani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha. Alikuwa anapiga soli, misumari midomoni, hakusimama. Aliitoa misumari mmoja mmoja, akaipanga kwenye kopo, ndipo akasema: "Kijana wangu, yale maneno mengine yangekula nafasi gani?"

Sekunde kumi na nne. Nilirudi nikapima. Yangekula sekunde kumi na nne.

Niliifuta klipu usiku huo, nikaweka kipande kizima. Kipande kizima kilitazamwa mara 3,000 hivi. Na wale wafuasi wapya nilioletewa na ugomvi? Kipindi kilichofuata, cha saa nzima, kilisikilizwa na watu 400, wale wale wa zamani. Waliokuja kutazama ndondi hawakukaa kusikiliza mahojiano, na kusema kweli, kwa nini wangekaa?

Siku hizi hakuna klipu inayotoka kabla mgeni hajaisikia mwenyewe. Inachelewesha kazi. Kuna dada mmoja muuguzi aliniambia nitoe dakika tano ambazo ndizo zilikuwa moyo wa kipindi, nikatoa, kipindi kikawa cha kawaida tu. Wenzangu wa kontenti wananiambia nina utoto, kwamba mgeni akishakaa kwenye maiki maneno ni yako. Mimi sikubaliani. Maneno ni yake, amekuazima. Na kama hukubaliani nami, jirekodi wewe ukisema jambo baya zaidi ulilowahi kumfanyia mtu, halafu mpe mtu asiyekujua achague aishie wapi.

Shosh yangu alikuwa mtu wa redio. Kwake kulikuwa na redio moja ya betri kubwa, na ilipofika saa ya Leonard Mambo Mbotela hatukuruhusiwa hata kugonga sufuria. Kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza 1966, na kikaendelea zaidi ya miaka hamsini. Mbotela alifariki Februari 2025, na siku hiyo nilimfikiria sana shosh. Fikiria: mtu mmoja, sauti moja, anazungumzia tabia za kila siku, mtu anayefika kwa watu saa ya kula, mtu asiyerudisha alichoazima, kisha anauliza swali lilelile. Hakutaja jina la mtu. Kila msikilizaji alijiangalia mwenyewe, shosh wakati mwingine akinitazama mimi.

Sitaki kujifanya zamani kulikuwa peponi. Kulikuwa na stesheni moja ya serikali na ulisikiliza ulichopewa. Na huyo huyo Mbotela, asubuhi ya Agosti 1, 1982, wanajeshi walimlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Kwa hivyo usiniambie maiki yao ilikuwa nyepesi. Sisi tuna uhuru ambao wao hawakuwa nao. Hakuna mwenye bunduki mlangoni kwangu saa tano usiku, kuna mimi na mstari unaoshuka. Ndiyo maana inaniuma zaidi kwamba nilimkata mzee wa watu bila hata kulazimishwa.

Watu huniuliza kama nimepata maana ya maisha kwenye podikasti. Swali hilo linanichosha kidogo. Lile neno "maana" limekuwa kama manukato, kila mhamasishaji anajipulizia kabla ya kupanda jukwaani. Mimi sikulipata kwa kulitafuta. Kuna soja wa usiku huko Industrial Area ambaye kila Ijumaa huniandikia kipindi kimemfikisha saa ngapi. "Leo umenifikisha saa nane." Basi. Hasemi kama kilikuwa kizuri. Wiki niliyoumwa sikutoa kipindi, akaandika: "Usiku ulikuwa mrefu." Tangu siku hiyo sijaruka Ijumaa hata moja, na hata mimi sijui kama hiyo ndiyo maana ama ni deni tu. Kwangu mimi hazina tofauti kubwa.

Kipindi cha saba sijakifuta. Nilifikiria kukifuta, nikaona kufuta ni kukata klipu nyingine. Nimeweka dakika sita mpya mwanzoni, nikisema yale ya ada, ya dadangu, na ya kulala hadi saa sita. Wafuasi kama mia mbili wameondoka. Mmoja aliandika kwamba nimemvunja moyo, kwamba alinipenda nilipokuwa na msimamo. Namuelewa. Hata mimi nilimpenda yule jamaa wa kipindi cha saba.

Mathe alisikia. Dadangu ndiye aliyemchezea. Alinipigia asubuhi kabla ya kwenda sokoni, akauliza kama nimekula, akauliza kama mvua inanyesha huku. Halafu akasema, "Nilidhani ulitaka kuacha." Miaka yote hii ameishi akiamini kwamba mwanawe alikichoka chuo, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia siku ile ili dadangu aende shule bila mtu kulia. Tulikaa kimya kwenye simu, mimi na yeye, pesa ya maongezi ikikatwa.

Deni la chuo nimelipunguza, limebaki 28,000. Sijui kama nitarudi. Sikuambii hivyo ili unishangilie wala unihurumie, nakuambia kwa sababu ukinisikia tena nikisema "nilipoacha chuo" ujue inagharimu kiasi gani. Yule kijana wa miaka 19 aliandika barua ya kuahirisha, halafu wiki iliyofuata akaniambia ameichana na amerudi hosteli, kuna mwenzake amemhifadhia kitanda. Bado anataka kuanza podikasti. Nimemwambia aje tumpe blanketi.

Na mzee amekubali kuja tena. Binti yake yuko likizo, atakuja naye. Ameweka sharti moja: kabla sijakiweka kipindi popote, nipite kibandani na simu yangu, tukisikilize chote hadi mwisho, yeye akishona. Nimemwambia ni saa moja na nusu. Akasema viatu viko vingi.